Kahawa ya Posa

Aliyeonekana kwanza alikuwa Noeline, na nani asingemwona! Mwanamke wa kimo na kiwiliwili, gomesi la kijani, vazi la Kiganda, linameta, mabega ya gomesi yamesimama wima, na juu yake koti la baridi lililogoma kufungwa vifungo. Miguuni alivaa mabuti ya theluji. Alikuwa akitoka upande wa stesheni ya Hagsätra, mkono mmoja umeshika pindo lisiburute kwenye tope la theluji ya Machi, mkono wa pili ukimpungia mtu wa nyuma yake aongeze mwendo.

Mtu huyo alikuwa Zaid.

Inès aliwatazama kutoka dirishani, ghorofa ya tatu. Suti nyeusi ilimkaa Zaid vizuri hadi ikamtia huzuni. Mwanamume aliyezoea ovaroli la fundi wa lifti, leo amejifunga tai, na kila hatua chache anaigusa kama inamnyonga.

"Wamefika," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka.

"Gud, vad snygg han är!" Annick, mdogo wake, alikuwa amekwishabandika pua kwenye kioo.

"Ongea lugha ya watu!" Mama yao alifoka kutoka jikoni.

"Nimesema shemeji ni mzuri, Mama."

"Bado hajawa shemeji ya mtu."

Mama Dancille alikuwa anakaanga kahawa. Haikuwa kahawa ya dukani. Ilikuwa kahawa ya Ngozi, kule Burundi, iliyopita mikononi mwa ndugu hadi ndugu mpaka ikafika Stockholm, na hakuitoa ila kwa wageni wazito. Alikuwa amefungua mlango wa baraza wazi, baridi yote ikaingia, ili king'ora cha moshi kisije kikampigia kelele mbele za watu. Inès alipoona mama ametoa kahawa ile, tumaini lilimchipuka kifuani. Mama akalikata papo hapo.

"Usinitazame hivyo. Mgeni ni mgeni. Watakunywa kahawa yangu, watasema yaliyowaleta, nitawasikiliza, kisha watarudi walikotoka. Mimi sikukukimbiza kutoka vitani ili mwanamume aje akurudishe kwenye bunduki."

"Mama, hujamsikiliza bado."

"Nitamsikiliza. Nimesema nitamsikiliza. Jibu langu unalijua."

Naam, alilijua. Alilijua tangu aliporudi kutoka Palestina mwezi wa Desemba, uso umeungua jua, mikono ina mikwaruzo, na jina la Zaid limemkaa mdomoni. Baba yake alifariki Inès akiwa mdogo; mama ndiye aliyekuwa baba, mama, na ukuta wa nyumba. Inès alikuwa amejiapiza kwamba hataolewa kwa kujificha, wala hatamvunja moyo mwanamke yule kwa kumtorokea. Na chama kilichowapeleka kule Palestina kujitolea kilikuwa kimewaita tena, yeye na Zaid, warudi vuli ijayo kwa mwaka mzima. Mama akisema ndiyo leo, wataondoka mke na mume. Akisema hapana, Zaid ataondoka peke yake, na Inès atabaki kwenye dirisha hili hili akihesabu treni.

Kengele ya mlango ikalia.

Ludovic, baba yake mdogo, ambaye ndiye msemaji wa familia, alinyoosha koti lake, akakohoa kikohozi cha watu wakubwa, akakaa kwenye kiti cha peke yake. Tangu asubuhi alikuwa akinong'ona maneno ya kupokelea posa mbele ya kioo cha bafuni. Mtu huyu alipenda sherehe kuliko chakula.

Wageni waliingia, wakavua viatu mlangoni kama ilivyo desturi ya nyumba za huku. Noeline alipovua mabuti, gomesi likawa refu ghafla, akaingia sebuleni akilifagia zulia. Alipomfikia Mama Dancille alipiga magoti mawili chini, kwa desturi ya kwao Uganda.

"Mama mwenye nyumba, nyabo, hamjambo hapa?"

Kwao Burundi hakuna magoti ya namna hiyo, na Mama Dancille hakuweza kustahimili mwanamke wa umri wake apige magoti mbele yake. Naye akainama amwinue. Noeline akadhani amepokewa salamu, akazidi kushuka. Mama akazidi kuinama. Mwisho wote wawili wakajikuta chini, wameshikana mikono, wanatazamana.

"Sasa nani atatuinua?" Noeline aliuliza.

Mdomo wa Mama Dancille ulicheza kidogo. Inès aliuona. Lakini mama alipokwisha kuinuliwa, uso wake ulikuwa umefungwa tena.

Zaid hakumpa Inès mkono. Siku ya posa haifai. Alimpa macho tu. Sinia alilobeba Inès likayumba, vikombe vikagongana.

"Tulia, mwana," Ludovic alinong'ona. "Vikombe vya watu."

Angetulia vipi? Hebu fikiria: watu wawili wameishi mji mmoja miaka nenda miaka rudi, mmoja Hjulsta inapoishia treni ya bluu, mwingine Hagsätra inapoishia ya kijani, wasijuane. Waje wajuane mbali kule, kwenye shamba la mizeituni. Siku ile Inès alikuwa amepiga magoti chini ya mti akiokota zeituni kwenye turubai, mgongo unamuuma, mara akasikia juu ya matawi sauti ya mwanamume: "Ewe tawi, kwani nimekukosea nini?" Alidhani ni uchovu. Akainua uso.

"Nani huyo anayeongea Kiswahili juu ya mti?"

Kimya. Kisha majani yakapanuka, ukatokea uso mweusi wenye vumbi na meno meupe.

"Na nani huyo anayenijibu chini?"

Walicheka mpaka mwenye shamba, mama mmoja mzee aliyeitwa Umm Ahmed, akaja kuuliza kama kuna aliyeanguka. Tangu siku ile walikuwa pamoja. Kila asubuhi kazi yao ilikuwa kusimama njiani na kuwasindikiza watoto wa kijiji kwenda shule, kwa sababu njia ilipita karibu na geti lenye askari, na watoto wakiona wageni wamesimama nao walitembea bila kukimbia. Jioni walikaa darasani wakifundishwa haki za binadamu. Na kati ya njia na darasa, mapenzi yakaingia, hakuna aliyeyafungulia mlango.

Sasa Mama Dancille alikuwa anamimina kahawa. Kwanza alijimiminia mwenyewe, akainua kikombe mbele ya wote, akanywa funda moja, taratibu, kila mtu akimwona koo. Kwao mwenye kukaribisha huonja kwanza, mgeni ajue moyo wa nyumba ni safi. Ndipo akamimina vya wageni.

"Karibuni."

"Sasa," Ludovic alianza, kifua mbele, "wageni wetu, mmepotea njia, au miguu yenu ilikuwa na nia?"

"Miguu ilikuwa na nia!" Noeline alijibu, kikombe chake kimekwisha fika mdomoni. "Mmh! Banange! Hii ni kahawa au ni dawa ya uzee? Ssebo, sisi tumetoka Hjulsta. Tumepita chini ya ardhi, tumepita juu ya ardhi. Kijana wetu, mtoto wa kaka yangu Ssali, anasema ameona ua katika nyumba hii, na usingizi umemkataa."

"Maua ni mengi dukani," alisema Mama Dancille.

"Hili halina duka, nyabo."

"Mama Inès, tufuate utaratibu," Ludovic alinong'ona. "Kwanza mimi ninakataa, halafu wao wanabembeleza, halafu..."

"Utaratibu utaukuta mbele, shemeji. Mimi nitasema na kijana." Mama akageuka. Macho yake yakamshika Zaid. "Wewe ni Mwislamu."

"Ndiyo, Mama."

"Sisi ni watu wa kanisa. Jumapili hii hii nimetoka kwenye kwaya."

"Na mimi pia nimetoka kanisani!" Noeline aliingilia. "Mimi ni Mkristo, kaka yangu ni Mwislamu, na mama yetu mmoja. Kwetu Idd na Krismasi vinapikwa kwenye sufuria moja. Hawa watoto wao watanenepa tu."

"Dada, nimemuuliza yeye."

Zaid alimgeukia. "Mama, sitamgeuza Inès. Kama anavyokwenda kanisani leo, ndivyo atakavyokwenda. Habari ya watoto tumeizungumza sana, na hatujaimaliza. Nisingependa kukudanganya kwamba tumeimaliza."

Mama Dancille alitikisa kichwa kidogo. Ungesema ameuma kitu akakuta ni kigumu kuliko alivyodhani. Kisha macho yake yakashuka mezani, na hapo yakaganda.

"Kahawa yako imekuwaje?"

"Ni nzuri, Mama. Inanukia."

"Hujaigusa."

"Ndiyo, Mama."

"Imezidi moto?"

"Hapana."

"Unataka sukari? Annick, lete sukari."

"Hapana, Mama. Sitaki sukari." Zaid alikisogeza kikombe taratibu, akakiweka katikati ya meza, kimejaa mpaka ukingoni. "Sitainywa. Bado."

Inès alimtazama Zaid kwa macho ya kumsihi, lakini Zaid hakuelewa. Alikuwa amekaa wima, amejaa heshima, kama mtu aliyefanya jambo zuri. Hakujua. Inès hakuwa amemweleza, maana hakuwahi kuwaza kwamba angekuja na jambo hili Hagsätra! Kwa watu wa mama yake, kukataa kikombe ambacho mwenyewe amekwisha kionja mbele yako kuna maana moja tu.

"Nimeonja," Mama Dancille alisema polepole. "Nimeonja mbele ya macho yenu."

"Mama..."

"Mimi ni mchawi?" Alisimama. Sauti ilikuwa bado ya chini, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Mimi nawalisha watu sumu? Mana yanje! Wazee wa nchi hii, huko kazini kwangu, wanalishwa kwa kijiko changu kila siku, watu wasionijua ukoo wala kabila, hakuna hata mmoja aliyenifungia mdomo. Wewe unakuja kumtaka binti yangu, unakaa kwenye kiti changu, unaniambia mbele ya shemeji yangu kwamba mkono wangu una sumu!"

"Sumu?" Zaid aliruka kama aliyemwagiwa maji. "Mama, hapana! Wallahi, hapana!"

Ludovic naye akasimama. Hotuba yake nzuri ilikuwa imemkufia kooni, na uchungu wa hotuba ile ukazidisha hasira. "Posa imekwisha. Vaeni viatu."

"Ngoja! Ngoja, Katonda wange!" Noeline alijipiga kichwani. "Ni kosa langu! Kikombe kile ni changu!"

"Chako umekimaliza," alisema Annick.

"Ndiyo kosa lenyewe! Mimi mkubwa wa msafara ndiye niliyeambiwa nisinywe. Kijana amenifundisha mimi shangazi yake tangu Hjulsta: senga, ukipewa kahawa, weka chini, usiguse. Nikasema kale, sawa, nimeelewa. Lakini nyabo, harufu ya kahawa yako! Imeingia puani, nikasahau hata kilichonileta. Nimestuka kikombe kitupu. Ndipo yeye amechukua zamu yangu."

Mama Dancille aliwatazama mmoja mmoja. "Kuna mtu ataniambia hawa wanasema nini?"

Inès aliweka sinia chini. Akapiga moyo konde.

"Mama, hayo ni ya kijijini kule tulikokuwa. Mtu akienda kuposa, mzee wao anapewa kahawa, haiweki mdomoni. Anaiweka mezani na kusema: nina haja kwako. Mwenye nyumba akikubali, anamwambia: kunywa kahawa yako, ulichokuja kukitafuta umekipata. Hapo ndipo anapokunywa. Ni kumwambia mwenye nyumba kwamba heshima yangu yote iko mkononi mwako."

"Mmeona wapi?"

"Nyumbani kwa Umm Ahmed. Walikuja kumposa binti yake. Sisi tulikuwa tunapitisha vikombe, mimi na Zaid. Mzee alipoweka kikombe chini, nyumba nzima ilizuia pumzi. Kisha baba akasema, kunywa. Wanawake jikoni wakapasua vigelegele, na mimi..." Aliona haya, akatazama zulia. "Nilimtazama Zaid, naye alikuwa ananitazama. Hatukuwa tumeambiana kitu mpaka siku ile. Baada ya pale hakukuwa na haja ya kuambiana."

Annick alivuta pumzi ndefu ya utamu. Mama alimkata jicho.

"Kwa hiyo si sumu," alisema hatimaye, akakaa.

"Si sumu, Mama," Zaid alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka majini. "Naomba unisamehe. Nilidhani ninakupa heshima kubwa kuliko zote ninazozijua. Sikuuliza ya kwenu."

Mama Dancille alikitazama kile kikombe. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayejaribu uzi kabla ya kushona: "Na nikisema hapana?"

"Ninaondoka bila kunywa."

"Na mimi ninabaki na nini? Na aibu ya mwenye nyumba ambaye mgeni ametoka kwake na kiu. Watu watasema, Dancille yule, mgeni alitoka kwake mdomo mkavu. Sivyo?"

Zaid aliivuta tai yake, ikapinda.

"Huko walikuwa wanawafundisha nini jioni? Inès anasema haki za watu."

"Ndiyo, Mama."

"Walikufundisha nini cha kwanza?"

Zaid aliinamisha kichwa. "Kwamba usiende kwa mtu ukamwamulia. Mwenye shamba ndiye mwenye neno. Wewe muulize, na akikataa, umheshimu."

"Eeh. Sasa mimi hapa ndiye mwenye shamba. Umeniuliza, au umenifunga mikono kwa kikombe changu mwenyewe?"

Inès alihisi machozi yanamchoma. Mama alikuwa amesema kweli, na kweli ile ilikuwa imewafungia kila mlango.

Zaid alinyoosha mkono. Mkono ule Inès aliujua: makovu ya nyaya, vidole virefu, vidole vilivyowahi kumtoa mwiba kiganjani bila kumuumiza. Alikishika kikombe, akakiinua mpaka mdomoni, akanywa. Hakunywa funda la adabu. Aliinywa yote, imekwisha poa, mpaka machicha. Kisha akakirudisha kikombe kitupu mbele ya Mama Dancille kwa mikono miwili.

"Nimekunywa, Mama. Kahawa yako ni nzuri kuliko nilizowahi kunywa. Sasa sina kitu cha kukufungia. Kwa desturi ya kule, nimeitupa haja yangu mwenyewe. Ninauliza tu, kama mtu anavyomuuliza mtu: nampenda Inès, ninaomba unipe nimuoe. Ukisema hapana, nitakushukuru kwa kahawa, nitavaa viatu vyangu, na wala sitamwambia binti yako neno moja baya juu yako."

Silaha yao ya mwisho ndiyo hiyo aliyoimeza. Inès alilijua hilo. Na bado, akimtazama mwanamume yule na tai yake iliyopinda na tone la kahawa kwenye mdomo wa chini, alijua hajawahi kumpenda hivi, hata chini ya mizeituni.

Mama Dancille alimgeukia Inès.

"Na wewe? Tangu waingie watu wanakusema, wewe umesimama na sinia. Kuna aliyekuuliza?"

"Mimi, Mama?"

"Kuna Inès mwingine hapa?"

Inès alikwenda akakaa chini miguuni pa mama yake, kama alivyokuwa akikaa zamani kusukwa nywele.

"Nampenda, Mama. Hilo unalijua. Unaniuliza kwa nini nataka kurudi kule." Alitafuta maneno. "Kuna mtoto wa kike kule, mdogo, meno ya mbele hana. Kila asubuhi alikuwa anashika kidole changu hiki. Siku moja akaniuliza kwa nini nimetoka mbali kuja kutembea naye. Usiku ule nilikuwaza wewe. Hujawahi kunisimulia siku ulipovuka mpaka kwenda Tanzania na mimi mgongoni. Najua ulitembea tu. Mama, kuna mtu alitembea na wewe?"

Mkono wa Mama Dancille ulikuwa umeshuka kwenye kichwa cha Inès bila yeye kujua, vidole vinapapasa nywele.

"Oya, hapana," alisema mwisho. "Hakuna." Vidole vikasimama nyweleni. "Watu walikuwa wanatutazama tunapita. Milangoni mwao walisimama wanatutazama. Nilikuwa nasema moyoni, Mungu, hata mmoja tu, atembee na mimi mpaka pale kwenye mti. Halafu arudi zake. Mpaka pale tu."

Annick aliyekuwa anachezea simu aliiweka chini. Ludovic alitoa leso.

"Ndiyo ninayokwenda kufanya, Mama," Inès alisema. "Mpaka pale kwenye mti tu. Na nataka kwenda na mtu ambaye akiambiwa amekosea, anakunywa kahawa yake."

Kitu kikapita usoni mwa Mama Dancille, polepole, kama barafu inavyoachia ziwa. Alimfuta Inès machozi kwa kiganja kizima, kwa nguvu, kama anamnawisha. Kisha akasimama.

"Ludovic!"

"Nipo."

"Mbona umesimama?"

"Si nilisema posa imekwisha?"

"Nani amekuambia imekwisha? Kaa kwenye kiti chako! Umekariri maneno tangu asubuhi, yaseme. Kataa kwanza, kama unavyotaka. Lakini usikatae sana." Akamgeukia Zaid, na safari hii aliita kwa sauti ya mama. "Na wewe, mwanangu. Nimekupa. Umesikia? Hakuna aliyenifunga. Nimekupa mimi mwenyewe, Dancille, kwa mdomo wangu."

Zaid alifunika uso kwa mikono yake miwili. Noeline alipiga kelele "Banange!", akamkumbatia Ludovic aliyekuwa karibu, na yule msemaji wa familia akapotea ndani ya gomesi pamoja na hotuba yake yote.

"Ngojeni kwanza, sijakataa!" sauti yake ilisikika humo ndani.

Wala hakuna aliyengoja. Mama Dancille, mwanamke ambaye kwa miaka yote ya Uswidi aliwanyamazisha wanawe kwenye ngazi, msiseme kwa nguvu, majirani watalalamika, alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa baraza. Akausukuma wazi. Akatoka na kandambili zake kwenye baridi, akashika chuma cha baraza, akainua kidevu, akapasua vigelegele. Virefu, vyembamba, vya kwao, vikapiga kuta za maghorofa na kurudi.

Chini, bibi mmoja wa Kiswidi aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama, akatazama juu kwa mshangao.

"Min dotter ska gifta sig!" Mama alimpigia kelele. Binti yangu anaolewa!

Bibi yule alifikiri kidogo. Kisha akavua glavu zake, akazitia mfukoni, akaanza kupiga makofi.

Inès alikuwa ametoka barazani nyuma ya mama, na Zaid nyuma yake. Mara, kutoka jengo la ng'ambo, dirisha moja likafunguliwa. Mwanamke wa Kisomali aliyevaa mtandio wa rangi ya machungwa alitokeza nusu mwili, wala hakuuliza ni nini. Alijibu vigelegele kwa vigelegele. Dirisha jingine juu yake likafunguka, likajibu. Na jingine. Uwanja mzima wa Hagsätra ukawa unapokezana sauti za wanawake wasiojuana majina, na katikati ya sauti zile mkono wenye makovu ya nyaya ukaja taratibu, ukaushika mkono wa Inès, mbele ya mama yake, mchana kweupe.

Mama aliuona. Akavuta pumzi, akapiga vigelegele tena.